Kabla ya kushika fimbo, mwalimu akae dawatini

Leo napenda tutafakari namna walimu wa watoto wetu wanavyoandaliwa. Chukua mfano wa mkoa wa Singida, kilipo Chuo cha Ualimu Kinampanda. Mwanachuo wa ualimu husoma saikolojia ya mtoto, akafanya mtihani, akafaulu. Je, hilo latosha kumfanya amwelewe mtoto aliyechelewa shule kwa sababu alianza siku kwa kuchota maji au kupeleka mifugo malishoni? Mimi nasema halitoshi. Huruma haikaririwi, hufanyiwa mazoezi.

Mazoezi hayo ni maigizo, wala si mageni nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji waliigiza tatizo la wasichana kupata mimba, kisha wakalijadili. Mwaka 1996 ukaanza mpango wa Tuseme, ambamo wasichana wa sekondari huigiza yanayowakwamisha masomoni. Wanafunzi wamefundishwa kusema. Nani amemfundisha mwalimu kusikiliza?

Somo lenyewe ni jepesi. Mwanachuo mmoja awe mtoto aliyechelewa, mwingine awe mwalimu wa zamu. Fimbo inapoinuliwa, mkufunzi awasimamishe. Amuulize "mtoto": ulitaka kusema nini ukakosa nafasi? Kisha wabadilishane nafasi na kurudia. Wanaotazama nao waingie, wajaribu njia nyingine. Mwisho wajadili, bila mjadala utabaki mchezo wa kuchekesha. Na kisa kiwe cha kubuni, asilazimishwe mtu kufunua machungu yake.

Baadhi ya wazazi wa Kiislamu watauliza: je, hii si ngoma? Hapana. Hapana muziki wala jukwaa, na wanawake waweza kufanya peke yao. Wengine watahofia nidhamu. Lakini kanuni za serikali za mwaka 2002 zenyewe zinataka viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Kanuni yaweza kuzuia mkono pale tu mkaguzi anapokuwepo. Mlango wa darasa ukifungwa, kinachobaki ni moyo wa mwalimu.

Basi wenye shule za Kiislamu na walimu wa madrasa wasingoje vyuo. Saa moja kila mwezi yatosha kuanzia.