Uzito wa Mtoto Angani: Fizikia ya Helikopta ya Watalii

Kila mwaka familia nyingi huenda likizoni katika jimbo la Arizona, nchini Marekani, kutazama Grand Canyon, bonde kuu lililochimbwa na mto Colorado katika miamba. Bonde hilo lina urefu wa kilometa 446 hivi, na kina chake hufikia zaidi ya kilometa 1.6. Baadhi ya familia hulipa nauli ya helikopta ili walione kutoka juu. Kabla ya kupanda, kila msafiri hupimwa kwenye mizani, hata mtoto mdogo.

Wako wazazi wanaoliona jambo hilo kuwa ni kuvunjiana heshima. Wengine hukasirika wanapoambiwa kwamba mtoto hatakaa karibu na baba yake, au kwamba safari ya alasiri imeahirishwa ilhali mbingu ni nyeupe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maagizo hayo yana asili moja. Kilo za msafiri huhesabiwa mara tatu: katika kumwinua, katika kuisawazisha helikopta, na katika kumzuia asirushwe kutoka kitini. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzifanya hesabu zote tatu.

Hesabu ya kwanza: kuinua

Mapanga ya helikopta ni mabawa yanayozunguka. Husukuma hewa kuelekea chini, na kwa kanuni ya tatu ya Newton hewa nayo husukuma mapanga kuelekea juu. Hewa ikiwa nzito, mapanga hupata kitu cha kusukuma. Ikiwa nyepesi, hayana budi kuisukuma kwa kasi kubwa zaidi, na injini hufanya kazi zaidi.

Uzito wa hewa katika kila meta moja ya ujazo huitwa densiti. Tukigawanya kanieneo ya hewa, kwa paskali, kwa 287 mara halijoto ya Kelvin, tunapata densiti kwa kilo. Usawa wa bahari, kanieneo ikiwa 101,325 na halijoto nyuzi 15 za Sentigredi, yaani Kelvin 288, densiti ni kilo 1.225.

Sasa tupande hadi Tusayan, kwenye ukingo wa kusini wa bonde, ambako uwanja wa ndege uko meta 2,014 hivi juu ya usawa wa bahari, juu kuliko jiji la Nairobi. Hapo kanieneo ni karibu paskali 79,360. Asubuhi yenye nyuzi 10 densiti ni kilo 0.98, alasiri yenye nyuzi 30 hushuka hadi kilo 0.91. Kwa maneno mengine, alasiri hiyo helikopta huruka katika hewa ambayo, kwa hali ya kawaida, ingepatikana karibu meta 3,000 juu ya bahari. Ardhi haikuinuka, ni joto lililoipanua hewa.

Tuchukue helikopta ya mfano yenye uzito wa kilo 2,400 pamoja na abiria na mafuta, ambayo mapanga yake hufagia duara lenye eneo la meta za mraba 90. Ikiwa imesimama hewani, nguvu inayohitajika, tukiuacha msuguano, hupatikana hivi: uzito kwa newtoni huzidishwa mara tatu kwa wenyewe, jibu hugawanywa kwa mara mbili ya densiti ikizidishwa kwa eneo, kisha hutafutwa kipeo cha pili. Usawa wa bahari tunapata kilowati 250 hivi. Tukiishikilia nguvu hiyo hiyo na kubadili densiti peke yake, helikopta yetu itainua kilo 2,225 hivi asubuhi ya Tusayan, na kilo 2,175 alasiri.

Tofauti ya asubuhi na alasiri ni kilo 50, uzito wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Katika helikopta halisi upungufu ni mkubwa zaidi, kwa sababu injini nayo hupumua hewa hiyo hiyo hafifu na hupoteza sehemu ya nguvu zake. Ndiyo maana familia iliyoweza kubebwa yote saa mbili asubuhi huenda isibebwe yote saa tisa alasiri.

Pengine msomaji atauliza: kwa nini rubani asishuke bondeni ambako hewa ni nzito? Tarehe 18 Juni 1986 ndege ya watalii na helikopta ziligongana katika anga ya mbuga hiyo, na watu wote 25 waliokuwamo wakafa. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya safari za ndege juu ya mbuga za taifa. Kwa sheria hiyo safari za watalii katika mbuga ya Grand Canyon zilikatazwa kushuka chini ya ukingo wa bonde. Kwa hiyo rubani hana njia ya kuikimbia hewa nyepesi. Njia aliyo nayo ni kupunguza mzigo.

Hesabu ya pili: kusawazisha

Helikopta huning’inia chini ya mapanga yake kama mizani iliyoshikwa kwa kamba. Kitovu cha uzito kikisogea mbele, pua huinama, na rubani huvuta usukani nyuma ili kuirekebisha. Lakini usukani una mwisho wake. Ukifika mwisho, rubani hana namna nyingine ya kuinua pua. Kwa sababu hiyo watengenezaji wa kila helikopta huweka mipaka ambayo kitovu cha uzito hakiruhusiwi kuivuka.

Tuseme baba wa kilo 90 ameketi mbele, na mwanawe wa kilo 30 ameketi safu ya nyuma, meta 1 kutoka kwake. Wakibadilishana viti, kilo 60 zimehama meta 1. Tukigawanya 60 kwa 2,400 tunapata meta 0.025: kitovu cha uzito cha helikopta nzima kimesogea sentimeta 2.5. Kwa kuwa nafasi inayoruhusiwa nayo hupimwa kwa sentimeta, mabadiliko mawili au matatu ya namna hiyo si jambo dogo. Basi anayepanga viti hapendelei mtu wala hambagui mtu. Mtoto anayehama kiti bila ruhusa ameivuruga hesabu iliyokwisha fanywa.

Hesabu ya tatu: kuzuia

Sheria ya Marekani inamruhusu mtoto asiyetimiza miaka 2 kupakatwa na mtu mzima. Akishatimiza umri huo sharti awe na kiti na mkanda wake. Hata hivyo, yale yanayoruhusiwa na sheria si lazima yawezekane kwa mikono ya binadamu.

Tuseme helikopta inashuka kwa kasi ya meta 8 kwa sekunde, kisha inagonga ardhi na kusimama katika sehemu ya kumi ya sekunde. Mchapuko wake ni meta 80 kwa sekunde kwa sekunde. Mtoto wa kilo 10 atahitaji kani ya newtoni 800 ili asimame pamoja na helikopta, na newtoni 100 zaidi za uzito wake wa kawaida. Jumla ni newtoni 900, sawa na kulidaka gunia la mahindi la kilo 90 ghafula, kwa mikono mitupu. Hakuna mama awezaye, japo awe na mapenzi na nguvu namna gani. Kumfunga mtoto ndani ya mkanda wa mzazi ni hatari zaidi, kwa kuwa uzito wa mzazi humkandamiza mtoto kwenye mkanda. Serikali ya Marekani yenyewe, kupitia idara yake ya usafiri wa anga, inawashauri wazazi wamweke mtoto mchanga katika kiti maalumu cha watoto. Pasipopatikana kiti hicho, busara ni kungoja mpaka mtoto akue.

Mambo ya kushika

Mzazi mwenye kuzielewa hesabu hizi atachagua safari ya asubuhi, atataja uzito wa kweli wa kila mtu pamoja na nguo na kamera, na hatabishana juu ya viti. Akienda kupanda, atamshika mtoto mkono na kuikaribia helikopta kutoka mbele, pale rubani anapoweza kuwaona, baada ya kuashiriwa. Kamwe hataelekea mkiani, kwa maana mapanga madogo ya mkia huzunguka kwa kasi hata yasionekane. Kofia huvuliwa mapema; ikipeperushwa, mtoto hukimbilia kuifuata.

Zaidi ya yote, akiambiwa kwamba safari haifai, ataipokea habari hiyo kwa shukrani. Rubani anayekataa kuruka amefanya hesabu ya kwanza na kuliamini jibu lake.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tafuta densiti ya hewa mjini Dar es Salaam, kanieneo ikiwa paskali 101,000 na halijoto nyuzi 32.

2. Abiria wanne wana kilo 85, 65, 35 na 15. Rubani ameruhusiwa kilo 180 tu za abiria. Ikiwa lita moja ya mafuta ina kilo 0.8, ni lita ngapi zipunguzwe ili wote wabebwe? Jadilini hatari ya uamuzi huo.

3. Mtoto wa kilo 12 yumo katika helikopta inayoshuka kwa meta 6 kwa sekunde, ikasimama katika sekunde 0.1. Tafuta kani ya kumzuia, pamoja na uzito wake.

Majibu: (1) kilo 1.15 kwa meta ya ujazo. (2) lita 25. (3) newtoni 840.