SOMO LA LEO: Supu ya kabichi ya Wamennonite, na jinsi ya kuiuza bila kugombana na mteja

Wewe unayeuza chakula mtandaoni, kaa hapa kidogo. Leo tunapika, halafu tunapiga hesabu.

Siku ya kwanza kuuza supu hii niliandika "borscht" tu kwenye status, basi. Mteja alifungua chombo, akakuta haina wekundu wa bitiruti, akasema nimemtapeli. Nikamrudishia hela yake. Supu ilikuwa nzuri tu, maelezo ndiyo yalikuwa mabovu.

Wamennonite wengi wetu tunawajua kwa kanisa lao la Mara, lililoanzia Shirati mwaka 1934. Wenye supu hii ni tawi lingine. Asili yao ni huko Uholanzi na Prussia, na kuanzia 1789 walihamia eneo ambalo leo ni Ukraine. Huko wakaokota borscht kwa majirani zao, lakini yao wakaipika kwa kabichi, bila bitiruti. Wanaiita Komst Borscht. Kuanzia 1874 wengi wakaibeba hadi Kansas na Manitoba.

MAHITAJI
Mfupa wa ng'ombe wenye nyama kilo 1, maji lita 4, kabichi nusu, viazi 5, karoti 3, vitunguu maji 2, nyanya 4, pilipili manga nzima, chumvi, na fungu la shibiti (yale majani membamba kama nyuzi).

KUPIKA
1. Chemsha mfupa kwa moto mdogo saa 2. Toa povu. Usiharakishe, utamu wote uko hapa.
2. Toa mfupa, chambua nyama, irudishe sufuriani.
3. Weka vitunguu, karoti, viazi na pilipili manga.
4. Viazi vikianza kulainika, weka kabichi na nyanya. Ukitanguliza nyanya, uchachu wake unachelewesha viazi kuiva.
5. Baada ya dakika 20 weka shibiti na chumvi, zima moto.

Krimu huwekwa kwenye bakuli wakati wa kula. Kwa biashara, mfungashie mteja pembeni. Kuna asiyetumia maziwa.

Umekosa shibiti? Giligilani inapikika, ila mwambie mteja umebadilisha.

HESABU
Usikisie bei. Tuseme vitu vya sokoni ni 18,000, gesi 2,000, vyombo 4,000. Jumla 24,000. Pima supu kwa jagi: ukipata lita 5, hizo ni bakuli 10 za nusu lita. Kila bakuli imekugharimu 2,400 kabla ya nguvu zako na faida. Ukiuza 2,500 umefanya kazi ya bure, dada yangu.

KUHIFADHI
Ya kuuza kesho usiiache sufuriani usiku kucha. Igawe kwenye vyombo vifupi, viweke juu ya maji baridi ipoe haraka, na iwe kwenye friji kabla ya saa 2 kupita. Ukitaka kugandisha, gandisha bila viazi. Vikiyeyuka huwa kama unga unga.

MAELEZO YA TANGAZO
Andika hivi: "Supu ya kabichi ya Wamennonite (Komst Borscht). Ina nyama ya ng'ombe, kabichi, viazi, karoti, nyanya na shibiti. HAINA bitiruti. Krimu pembeni. Nusu lita." Halafu piga picha ya bakuli lako mwenyewe. Usiokote ya mtandaoni.

Chakula kigeni kinauzika kama mteja anajua anachonunua. Jina linamvuta, maelezo yanamlinda yeye na wewe pia.

Kazi ya leo: fungua tangazo lako moja, lisome kama mtu asiyekijua chakula hicho kabisa. Kama lina swali hata moja ambalo halijajibiwa, rekebisha sasa hivi. Tukutane somo lijalo!