SOMO LA AFYA NA MAKAAZI: KUONGEZA CHOO KATIKA BANDA LA GARI

Imezoeleka katika mitaa mingi ya Unguja na Pemba kwamba banda la gari lililojitenga na nyumba halibaki kuwa la gari peke yake. Hugeuzwa karakana ya seremala, chumba cha cherehani au malazi ya mlinzi, na hapo mwenye nyumba hufikiri kuongeza choo. Fikra hiyo ni njema, kwani anayeshinda kazini hana budi kupata mahali pa kujisitiri. Hata hivyo, ugumu wa kazi hii hauko katika kuta. Uko chini ya ardhi.

Ardhi ya mawe

Sehemu kubwa ya Unguja, hasa upande wa mashariki, imekaa juu ya mawe ya matumbawe yenye nyufa na matundu. Mchanga huyachuja maji yanapopita polepole, lakini ufa hauchuji. Maji ya karo yakiupata ufa huweza kufika kisimani upesi pamoja na vijidudu vyake, na mnywaji asione rangi wala asihisi ladha. Zanzibar imeandamwa na kipindupindu mara kwa mara tangu mwaka 1978, na mripuko wa 2015 hadi 2016 ulichukua roho za watu.

Kwa sababu hiyo, wataalamu huelekeza kwamba karo liwe mbali na kisima kwa mita 30 kwa uchache, na baina ya chini ya karo na maji ya ardhini pabaki angalau mita 1.5. Penye mawe yenye nyufa, vipimo hivyo ni vya kuanzia tu. Aidha, kisima cha jirani huhesabiwa sawasawa na cha mwenye kiwanja.

Mteremko wa bomba

Bomba la choo lenye upana wa milimita 100 hupewa mteremko wa kiasi cha sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Tuseme banda liko mita 12 kutoka karo la nyumba: mteremko wote utakuwa sentimita 30. Ikiwa tundu la kuingilia karoni liko sentimita 40 chini ya ardhi, bomba litaanzia bandani likiwa sentimita 10 tu chini ya ardhi, na gari likipita juu yake litalivunja. Hivyo basi, bomba lipitishwe pembeni mwa njia ya gari, au lizungushiwe zege. Kwa kuwa sakafu ya banda huwa chini, sakafu ya choo nayo inyanyuliwe kwa kipandio kimoja au viwili.

Usawa wa ardhi upimwe kabla ya kuchimba, kwa mpira mwembamba unaoonesha maji ndani yake. Ikionekana kwamba banda liko chini kuliko karo, maji hayatapanda. Litahitajika karo jengine, na masafa yake na visima yapimwe upya. Kila penye kona ijengwe chemba yenye mfuniko, ili bomba likiziba lizibuliwe bila ya kuvunja sakafu.

Karo na matumizi yake

Karo bora lina vyumba viwili. Cha kwanza huchukua theluthi mbili ya ukubwa wote, na humo uchafu mzito hutuama. Cha pili huyapokea maji yaliyopungua uchafu na kuyapeleka katika shimo la kunyonya. Karo lililokuwa likiwatosha watu sita huenda lisiwatoshe kumi, kwa hiyo lifunguliwe na kukaguliwa kabla ya kuongezewa mzigo.

Mafuta ya gari na petroli visimwagwe chooni kabisa, kwani huua vijidudu vinavyoozesha uchafu karoni. Maji ya kuoshea gari nayo yasielekezwe humo.

Choo cha bandani huweza kukaa siku nyingi bila ya kutumiwa. Maji yanayobaki katika shingo ya sinki ndiyo yanayozuia harufu. Yakikauka, harufu hupanda. Ndoo moja ya maji kila wiki inatosha. Bomba la maji safi litiwe valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, kwani mgao ukikatika mpira ulioachwa ndani ya ndoo chafu huweza kuvuta uchafu hadi katika maji ya nyumba nzima. Fundi pia aoneshwe mapema upande wa kibla, kwa kuwa sinki likishajengewa haligeuki.

Kabla ya kuanza

Mwenye nyumba anatakiwa aanzie kwa sheha wake, kisha aombe kibali cha ujenzi kwa mamlaka inayohusika, na amwombe bwana afya afike kiwanjani kabla ya jembe la kwanza. Kazi ikimalizika, bomba lizibwe upande wa chini na lijazwe maji hali mtaro ungali wazi. Maji yakishuka, pana uvujaji, na mtaro usifukiwe mpaka utengenezwe.