Mitindo ya kurasa: kinachotumika, kinachopendwa, kinachosahauliwa

Fundi, natengeneza tovuti ya magofu ya Tongoni, ule msikiti na makaburi ya nguzo. Kwenye CSS nianze na nini?

Mwanangu, anza na flex na gridi, ndizo kazi ya kila siku. Flex hupanga vitu katika mstari mmoja, kama menyu; gridi hupanga safu na mistari kwa pamoja, kama picha za makaburi yako. Chrome, Firefox na Safari zote zilianza kuielewa gridi Machi 2017. Achana na float.

Mafundi wenyewe wanapenda nini siku hizi?

`:has()`. Zamani CSS haikuweza kumpamba mzazi kwa kuangalia alichonacho ndani. Sasa unaiagiza: kadi yenye picha ichukue safu mbili, isiyo nayo ibaki na moja. Safari na Chrome ziliipokea 2022, Firefox Desemba 2023. Usiiunganishe kwa koma na viteuzi vingine, maana kivinjari cha zamani kisichoielewa hutupa kanuni nzima.

Na kinachosahauliwa?

Viwili, na vyote vinatuhusu sisi hasa. Cha kwanza ni `overflow-wrap`. Maneno yetu ni marefu. Andika kichwa cha habari chenye "waliotutembelea" kwa herufi kubwa, ukifungue kwenye simu nyembamba: neno linatoka nje ya kioo na ukurasa mzima unaanza kuteleza kushoto na kulia. `overflow-wrap: break-word` inalikata, ila popote pale. Ukitaka likatike penye silabi, andika `walio­tutembelea` kwenye HTML; kistari kitaonekana pale tu nafasi inapokosekana.

Cha pili ni sifa zinazofuata mwelekeo wa maandishi. Badala ya `margin-left`, andika `margin-inline-start`. Pwani hii watu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kilatini kuenea. Siku utakapoweka kipande cha maandishi hayo na kukipa `dir="rtl"`, nafasi itahamia kulia yenyewe. Kwa `margin-left` itang'ang'ania kushoto, na aya itaonekana imekosewa. Fundi ambaye lugha zake zote zinaanzia kushoto halioni tatizo hili. Wewe unajenga ukurasa wa Tongoni. Kwako sifa hizi ni za lazima.

Wageni wengi watasoma kwa simu, juani, na bando dogo.

Basi acha kijivu juu ya nyeupe. Mwongozo wa ufikivu wa tovuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, juani, zidisha. Fonti usipakue, `system-ui` inatosha kabisa. Na kila picha ipe `aspect-ratio`, ili msomaji aliyekwisha kuanza aya asiione ikirushwa chini picha inapochelewa kufika.