Mipaka ya mkono wa serikali: Somo la jahazi na Bonde la Rufiji



Ndugu msomaji, kila inapotoka amri mpya ya serikali inayogusa maisha ya kila siku, iwe ya mifuko ya plastiki, ya pikipiki, ya kujenga au ya kuuza, sisi Waislamu hugawanyika haraka makundi mawili. Kundi la kwanza husoma aya ya 59 ya Suratun-Nisaa, inayotuamrisha kumtii Allah, kumtii Mtume na wenye mamlaka katika sisi, kisha hufunga mjadala: serikali imesema, basi. Kundi la pili husema serikali hii haihukumu kwa sheria ya Allah, kwa hiyo amri zake hazimhusu Muislamu isipokuwa pale anapomwogopa askari.

Makundi yote mawili yamekimbia kazi ya kufikiri. La kwanza limeisoma nusu ya aya. Aya hiyo hiyo inaendelea kueleza la kufanya watu wanapohitilafiana, na hapangekuwa na haja ya kutaja hitilafu kama neno la mwenye mamlaka lingekuwa ndio mwisho. La pili limesahau kwamba gari lisilo na breki haliulizi dini ya anayevuka barabara.

Imam Bukhari na Imam Muslim wamepokea kisa kutoka kwa Ali (R.A.) cha kamanda mmoja aliyekasirika na askari wake, akawaamuru wakusanye kuni, wawashe moto na waingie ndani. Wapo waliokaribia kuingia, wapo waliokataa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alieleza kuwa lau wangeingia wasingetoka humo, na kwamba utii ni katika jambo la wema tu. Kamanda yule alikuwa amewekwa na Mtume mwenyewe! Basi ikiwa amri ya kiongozi wa namna hiyo ina mpaka, sembuse amri ya mkuu wa wilaya?

Swali linalotukabili, kwa hiyo, ni hili: mkono wa serikali uingie mpaka wapi katika nyumba, shamba, biashara na safari ya mja? Na ukishaingia, unadaiwa nini?

JAHAZI LA SITAHA MBILI

Jibu la sehemu ya kwanza liko katika hadithi mashuhuri ya Nu'man bin Bashir (R.A.), iliyomo katika Sahihi Bukhari. Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliopiga kura katika chombo cha majini, wengine wakapata sitaha ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wenzao wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao, wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa wafanye hivyo, wataangamia wote. Wakishikwa mikono, wataokoka wote.

Tazama hoja ya wale wa chini: hii ni sehemu yetu. Ni hoja ile ile ya mtu anayesema shamba langu, gari langu, pikipiki yangu. Na ni hoja yenye uzito, maana Uislamu umeitukuza mali ya mtu na heshima yake. Lakini tundu halina mipaka ya sehemu. Madhara yakishatoka kwako na kumfikia mwenzako, jamii ina haki ya kukushika mkono.

Watu wa kusini wenye umri wanalifahamu jambo hili bila kusomeshwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara kwa barabara ilipita kwenye pantoni ya Ndundu katika Mto Rufiji, na wakati wa mvua mabasi na malori yalipanga foleni yakisubiri mto. Nani angetaka pale kila dereva aingie atakavyo, na kila mwenye mzigo apakie apendavyo? Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Kanuni ilikuwepo, iliyokosekana ni mikono ya kuisimamia. Anayesema serikali isituingilie kabisa aende akawaambie hayo watu wa Ukara.

KIU YA WALIO CHINI

Lakini wengi wetu tukiisoma hadithi hii tunaishia kwenye kushikwa mikono. Mimi naona kuna jambo tunalipita haraka mno. Wale wa chini walikuwa na kiu. Hadithi haisemi walikuwa wahuni wala wapenda uharibifu. Walitaka maji, na njia ya kuyapata ilikuwa kupita kwa watu waliokuwa wakiudhika nao. Ukimnyang'anya mtu wa chini shoka lake ukamwacha na kiu yake, umeliokoa jahazi kwa leo tu. Usiku atatafuta shoka jingine.

Sayyidna Umar (R.A.) alilifahamu hili. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba watumwa wa Hatib waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Umar aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita. Akamgeukia bwana wao akamwambia kuwa anaona anawaacha na njaa. Alipomuuliza mwenye ngamia thamani yake, akaambiwa dirham 400. Umar akamtoza bwana wao dirham 800. (Imam Malik mwenyewe anasema kutoza mara mbili hakukuwa ndio amali ya watu wa Madina, lakini hiyo ni bahasi nyingine.) Sheria ya wizi haikufutwa. Kilichofanyika ni kwamba hakimu, kabla ya kumshukia aliyevunja sheria, aliuliza nani aliyemfikisha hapo, na bili akampelekea huyo.

Ni mlango huu huu wa bei. Watu walipomwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei, alikataa, kwa kuogopa kukutana na Mola wake akiwa anadaiwa dhuluma ya mtu katika damu au mali. Wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba, wakaeleza kuwa bei ikipanda kwa uhaba wa kweli kiongozi hana haki ya kumlazimisha muuzaji, bali ikipanda kwa sababu ya walanguzi waliofungia mali, ana haki ya kuingia kati. Mwaka 2016 serikali yetu ilitangaza sukari iuzwe shilingi 1,800 kwa kilo. Tunakumbuka ilivyoadimika tukielekea Ramadhani. Tangazo la bei halijazi ghala.

BONDE LA RUFIJI

Sasa tuupeleke mfano huu Rufiji kwenyewe, maana huko mkono wa serikali umefika mpaka kwenye kitanda cha mtu.

Mrufiji wa bondeni aliishi na mto kwa elimu yake. Maji yakijaa huleta tope lenye rutuba. Yakishuka hupandwa mahindi, pamba na mboga katika unyevu uliobaki, kilimo kinachoitwa mlau. Alijenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, akakaa humo kulinda mazao yasiliwe na nguruwe na viboko. Kwake mafuriko ya kawaida yalikuwa mbolea, na mafuriko makubwa ndiyo yaliyokuwa balaa.

Balaa lilikuja mwaka 1968. Kuanzia mwaka uliofuata, miaka minne kabla ya amri ya 1973 ya nchi nzima kuhamia vijijini, watu wa bonde walihamishwa kupelekwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Serikali ilikuwa na hoja. Kugawa chakula na kuokoa watu kila mto unapofura ni gharama ya umma, na shule au zahanati haiwezi kujengwa mahali panapozama. Mafuriko makubwa ya 1974 yalipokuja, waliokuwa juu walisalimika nayo. Tuseme haki.

Lakini ile ardhi ya juu ilikuwa ya mchanga. Shamba lenye rutuba lilibaki chini, mwendo mrefu kutoka nyumbani, na usiku halikuwa na mlinzi. Wanyama wakala. Watu wakawa na makazi huku na riziki kule. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima, na wakitajwa hutajwa kama watu wakaidi wasiosikia. Je, ni ukaidi, au ni kiu?

Halafu kuna mwaka 2017. Mauaji ya viongozi wa vijiji na askari katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga yalikuwa yamefika mahali pa kutisha. Aprili 13 mwaka huo waliuawa askari wanane kwa siku moja. Mwezi Mei likatoka katazo la pikipiki kutembea kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi katika wilaya hizo tatu. Sitaki kuandika kwa wepesi juu ya hili. Kulinda roho ni katika makusudio makubwa ya sheria, na wauaji walitumia pikipiki. Umar (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham, akarudi na watu aliokuwa nao kwa sababu ya tauni, na hakuna mwanachuoni anayesema alivuka mpaka. Hatari ya wote inaweza kufunga njia ya wote.

Ila vijijini pikipiki ndiyo gari la wagonjwa. Mama anayeshikwa na uchungu saa nne usiku, mtoto mwenye degedege, watapanda nini? Na mwishoni mwa mwezi ule ule Ramadhani ikaingia. Kanuni ya mafakihi ni kwamba hatua ya kiongozi juu ya raia wake imefungwa na maslahi yao. Kwa kanuni hiyo, mkono uliozima pikipiki ulidaiwa gari la kupeleka wagonjwa usiku, na ulidaiwa tarehe ya mwisho itajwe mapema, maana dharura hupimwa kwa kiasi chake.

Katika nyumba ya mtu mpaka ni mkali zaidi. Suratul-Hujurat aya ya 12 inakataza kupelelezana, na Suratun-Nur aya ya 27 inakataza kuingia nyumba za watu bila idhini. Imam Ghazali anasimulia katika Ihyaa kwamba Umar aliparamia ukuta akamkuta mtu katika maasi. Yule mtu akamjibu: mimi nimeasi mara moja, wewe mara tatu, umepeleleza, hukupita mlangoni, na hukubisha hodi. Umar akamwacha. Atakayevunja mlango leo kwa sababu ya usalama na aje na dalili iliyo wazi juu ya aliyemo ndani. Mtaa wake, kanzu yake na ndevu zake si dalili.

NANI YUKO SITAHA YA JUU?

Aprili 2024 maji yalirudi. Nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti yalifunikwa, maelfu ya watu wakahitaji chakula na mahali pa kulala, na viongozi wakatoa tena wito ule ule wa kuhama mabondeni. Tuseme nini?

Kwa maoni yangu, siku maji yanapokuja, agizo la kuondoka linatiiwa na anayekataa anaweza kuondolewa kwa nguvu, maana atakayekuja kumwokoa kwa mtumbwi naye ni roho. Serikali ina haki pia ya kukataza nyumba za kudumu mahali panapozama, kwa sharti kwamba itoe viwanja vyenye maji, hati na njia ya kufika shambani. Bali kumkataza mtu kulima mlau, au kumbomolea dungu analolala msimu wa kulinda mahindi yake, hapo sioni tundu la jahazi. Hasara ya shamba ni yake, na anaijua kuliko afisa aliyetoka mjini.

Na safari hii kulikuwa na jambo ambalo mwaka 1968 halikuwepo. Juu ya mto kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka huo huo wa 2024. Maji yalifunguliwa, na watu wakabishana kama bwawa lilizidisha mafuriko au liliyapunguza. Mabishano hayo nawaachia wahandisi. Linalotuhusu ni kwamba sasa mkono ulioshika maji uko juu, na umeme unaopatikana unakuja katika gridi ya taifa, kwenye feni na majokofu yetu hapa Ilala, Temeke na Kinondoni. Katika hadithi ya jahazi walioshikwa mikono walikuwa wa chini kwa sababu wao ndio waliotaka kutoboa. Wa juu nao wakitoboa, hukumu ni hiyo hiyo.

Wanaodai kanuni zaidi kwa Mrufiji wa bondeni wadai pia kanuni juu ya lango la bwawa: nani anaamua lifunguliwe, kwa kiasi gani, na taarifa inatoka siku ngapi kabla. Misikiti ya Ikwiriri, Kibiti na Mohoro ina vipaza sauti. Taarifa ikifika kwa maimamu siku tatu kabla, mtu atavuna alichoweza, atamtoa mgonjwa wake na atafungua mbuzi wake. Ikifika usiku ule ule, atakuwa na dungu lake na Mola wake.

Wallahu aalam.