Nyati wa Miguu Mitatu

Swali: Sarafu ya Marekani ya senti 5, ya mwaka 1937, ina nyati wa miguu mitatu. Je, mguu umelika tu kwa matumizi?

Jibu: Huenda ni kasoro halisi. Huko Denver, mihuri miwili ya kugongea sarafu iligongana bila kipande cha chuma katikati, ikaachiana alama. Katika kuusugua muhuri wa upande wa nyati ili kuzifuta, mguu wa mbele nao ukafutika, ukabaki ukwato. Sarafu zote zilizogongwa kwa muhuri huo baadaye zikatoka hivyohivyo.

Matapeli huukwangua mguu kwenye sarafu za kawaida. Mwenye nayo atumie lensi: iliyo halisi ina herufi D, ya Denver, na vinundu vidogo vilivyojipanga kutoka tumboni kuelekea ardhini. Kukwangua hakuzalishi vinundu.

Asiisafishe kamwe, thamani yake itaporomoka.