Unene wa Bapa na Uimara wa Kisu cha Kukunja

Mnunuzi wa kisu cha kukunja aghalabu hukifungua, huutazama mgongo wa bapa, na akiukuta mnene huamini kwamba amepata kisu cha kazi ngumu. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ni ukweli wa upande mmoja, na asiyeujua upande wa pili huweza kupoteza kidole.

Mwanafunzi achukue rula ya plastiki, aibane ncha moja kwenye ukingo wa meza na kuisukuma chini ncha ya pili. Rula iliyolala hupindika bila taabu. Ikisimamishwa kwa ubavu wake, kupindika kwake hakuonekani kwa macho. Bapa la kisu lina tabia hiyohiyo. Katika kukata, kani hupita kutoka mgongoni hadi kwenye makali, yaani kufuata upana. Katika kubandua kifuniko cha kopo la rangi, kani hupita kufuata unene, na hapo ndipo mabapa mengi huvunjika.

Tofauti hiyo hupimika. Chukua bapa lenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 2, likidhaniwa kuwa na umbo la mstatili. Uwezo wake wa kustahimili kupindwa hulingana na mraba wa kipimo kilicho sambamba na kani, ukizidishwa kwa kipimo cha pili. Kwa kukata, 2 × 20 × 20 ni 800. Kwa kubandua, 20 × 2 × 2 ni 80 tu. Bapa moja, chuma kilekile, na uwezo umetofautiana mara 10! Unene ukiongezwa kuwa milimita 3, uwezo wa kustahimili kubandua hupanda mara 2.25. Ukakamavu, yaani ukinzani wa bapa dhidi ya kupindika, hufuata mchemraba wa unene, na hivyo hupanda zaidi ya mara 3.

Huenda mwanafunzi akauliza kama matiko hayawezi kufanya kazi ya unene. Hayawezi. Moduli ya Young ya chuma cha pua ni takriban nyutoni bilioni 200 kwa mita mraba, na kutia matiko hakuibadilishi kwa kiasi cha kutajika. Mabapa mawili yenye vipimo sawa, moja laini na moja gumu, hupindika sawasawa chini ya mzigo mdogo. Matiko huamua yatakayofuata mzigo ukizidi: chuma laini hubaki kimepinda, kilicho kigumu mno hukatika ghafla, na kile kilichopashwa tena moto wa kiasi baada ya kupozwa hurudi kilivyokuwa.

Unene nao una gharama yake. Bapa ni kabari. Likichongwa sawasawa kutoka mgongoni hadi makalini, lile la upana wa milimita 20 na unene wa milimita 2 huwa na pembe ya nyuzi 5.7, la milimita 4 huwa na nyuzi 11.4. Katika muhogo mbichi kabari pana hupasua kabla makali hayajafika, mkono hulazimika kusukuma zaidi, na kisu kinachosukumwa kwa nguvu ndicho kinachoteleza. Kisu cha Opinel, kilichoanza kutengenezwa Savoie nchini Ufaransa mwaka 1890, kina bapa jembamba katika mpini wa mti, nacho kingali kikitumiwa na wakulima na mafundi. Mwaka 1955 kiwanda hicho hakikutafuta uimara katika kuongeza unene. Kilitia pete ya chuma inayozungushwa ili bapa lisijifunge lenyewe.

Pete hiyo inaelekeza kwenye jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau. Kisu cha kawaida huwa na shina la chuma lililoingia mpinini. Kisu cha kukunja hushikiliwa na ribiti moja na kifungio. Kani ya nyutoni 50 ikikandamiza mgongo wa bapa, milimita 80 kutoka kwenye ribiti, momenti yake ni 50 × 80, sawa na 4,000. Kifungio kikigusa bapa milimita 8 tu kutoka kwenye ribiti hiyohiyo, lazima kikinze kwa nyutoni 500. Kikishindwa, makali hurudi mpinini, zilipo vidole. Bapa likipindwa kwa ubavu, ribiti hulegea na tundu lake hupanuka polepole, hata kisu kikaanza kuchezacheza kingali na bapa zima lisilo na dosari.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi hesabu ya kifungio upya, safari hii kwa bapa la milimita 4. Jibu litakuwa nyutoni 500 vilevile, kwa kuwa unene haumo katika mlinganyo.